Shujaa Hakatwi Vipande

Watawala madhalimu wana desturi moja ambayo hatuna budi kuifichua. Mshairi akiwa hai humwogopa. Akifa humvika vazi walilomshonea wao wenyewe. Ndivyo alivyotendewa Gabriela Mistral wa Chile.

Mwalimu huyu wa shule, mzaliwa wa bonde la Elqui, alikuwa mtu wa kwanza wa Amerika ya Kilatini kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi, mwaka 1945. Nchi yake ilingoja hadi 1951 ndipo ikampa tuzo ya taifa. Mwaka 1972 serikali ya Salvador Allende ilijenga mjini Santiago jumba la mkutano wa UNCTAD, ambamo nchi maskini zilidai haki katika biashara ya dunia. Baada ya mkutano jumba hilo likapewa jina la Mistral. Mwaka 1973 Pinochet na majenerali wenzake waliipindua serikali, wakalifanya jumba hilo makao yao na kulifuta jina la mshairi. Hata hivyo, mwaka 1981 utawala ule ule ulichapisha sura yake kwenye noti ya peso 5,000! Kwa nini? Kwa sababu ulikwisha kumgeuza sanamu: mwalimu mpole, mama wa taifa asiye na mpenzi, kielelezo cha utii.

Sanamu hiyo imevunjwa na barua. Mwaka 1948 Doris Dana, Mmarekani kijana, alimwandikia Mistral kuhusu makala yake juu ya Thomas Mann. Tangu hapo hadi 1956 barua zao zilivuka mipaka. Mistral alikuwa balozi mdogo wa Chile, Mexico na Italia zikiwa miongoni mwa vituo vyake. Dana alikuwa akienda kwake na kurudi New York. Ndani ya barua hizo mna mapenzi, wivu, lawama, na uchungu wa kungoja posta isiyofika. Dana alifariki mwaka 2006. Mwaka uliofuata hazina yote ilikabidhiwa Chile, na mwaka 2009 barua zikatolewa kitabuni.

Wapo wanaosema kwamba siri za wawili ziachwe kaburini, tena Dana mwenyewe alikana hadharani kwamba walikuwa wapenzi. Hoja hii haifai kudharauliwa. Lakini katika dunia iliyowahukumu vikali wanawake wapendanao, kukana si ajabu. La kuzingatia ni kwamba Dana hakuzichoma barua. Alizitunza karibu nusu karne.

Wengine wanalalamika kwamba ukweli huu unamchafua mshairi. Unamchafua vipi? Mwanamke aliyempenda Dana ndiye yule yule aliyeagiza katika wosia wake kwamba mapato ya vitabu vyake vilivyouzwa Amerika ya Kusini yawafae watoto wa Montegrande, kijiji alikokulia. Je, mapenzi yake yaliwapunguzia watoto hao hata peso moja? Kilichochafuka ni uongo wa majenerali, wala si jina la Mistral.

Mwaka 2010 jumba lile la Santiago lilifunguliwa upya likiwa na jina lake. Ni haki. Lakini jina ukutani halitoshi ikiwa mwenye jina angali amefichwa nusu. Taifa linaloona haya kwa mapenzi ya shujaa wake, huku likijivunia tuzo yake, bado linatumia noti ya Pinochet. Shujaa hupokewa mzima, au hapokewi kabisa.