WACHUUZI WA MAJINA YA WATU



Wako watu katika Visiwa vyetu, na baadhi yao ni wasomi, ambao kila linapotajwa jambo la haki huinua kidole wakaonyesha Marekani na kusema: "Tazameni kule, sheria imeandikwa, na aliyedhulumiwa hupata haki yake." Sisi hatukatai kwamba sheria imeandikwa. Twalikataa hilo la pili, na leo tutaeleza kwa nini, kwa jambo moja tu ambalo linawagusa watoto wetu na ndugu zetu walioko huko, wanaotafuta kazi na vyumba vya kupanga.

Huko Marekani aghlabu mtu hapewi kazi wala hapangishwi nyumba mpaka kwanza khabari zake zinunuliwe. Tumesema zinunuliwe, na hatukukosea neno. Yako makampuni ambayo biashara yao ni kukusanya kumbukumbu za mahkama, za madeni na za wapangaji waliotolewa majumbani, kuzitia katika kompyuta, na kumwuzia mwajiri au mwenye nyumba. Mnunuzi hulipa, karatasi hutoka, na yule anayesemwa katika karatasi hayupo. Kweli, anayetaka kazi hutia saini ya ruhusa kabla hajachunguzwa. Lakini mwenye njaa huulizwa ruhusa ya namna gani? Asiyetia saini hana kazi. Basi karatasi ikisema kwamba aliwahi kufungwa kwa wizi, yeye ni mwizi, ijapokuwa mwizi mwenyewe ni mtu wa mji mwingine ambaye wamekutana kwa jina tu.

Na jina, ndugu zetu, ndipo penye shina la jambo hili. Sisi desturi yetu mtu huitwa kwa jina lake, la babake na la babu yake. Fomu za Marekani zataka jina la kwanza na la ukoo. Ali Juma Khamis akifika huko, Juma huanguka njiani, naye husimama mbele ya mashine akiwa Ali Khamis, kana kwamba kina Khamis wote wa dunia ni ukoo mmoja. Hapa petu, katika kijiji kimoja cha Pemba, wako Ali Khamis wangapi? Kila mtu humjua huyu kwa mamake, yule kwa kazi yake, na wa tatu kwa mwendo wake. Mashine haijui hata moja katika hayo.

Sasa twende kwenye sheria yenyewe. Ilitiwa saini na Rais Nixon mwaka 1970, nayo imeyataka makampuni hayo yafuate taratibu za maana ili khabari wanazoziuza ziwe sahihi kwa kadiri ya juu inayowezekana. Mtu akiona kosa ana haki ya kulipinga, na kampuni lazima ichunguze upya, kwa kawaida ndani ya siku 30. Mwajiri anayetaka kumkataa mtu kwa sababu ya karatasi hiyo ni lazima, kabla hajamkataa, ampe nakala yake pamoja na maelezo ya haki zake. Haya ni maneno mazuri, na aliyeyaandika tunampa sifa yake.

Lakini msomaji atazame vizuri alipowekwa mpangaji. Anayetafuta nyumba hana haki hiyo ya kuonyeshwa karatasi kabla ya kukataliwa. Yeye huambiwa baada ya jambo kwisha: umekataliwa, kampuni iliyotoa khabari zako ni fulani, waweza kuomba nakala bure ndani ya siku 60. Ataiomba, ataipata, atalipinga kosa, na kampuni itakaa na siku zake 30. Nyumba itamngoja nani? Mwingine keshahamia na mapazia keshatundika. Mtu huyu, mwenye mke na watoto, atakwenda kwenye nyumba ya pili, na mwenye nyumba wa pili huenda akanunua karatasi ile ile, au akanunua kwa kampuni nyingine yenye kosa lile lile, maana kusahihisha kwa mmoja si kusahihisha kwa wote. Sheria hii yamkuta mtu yuko nje na mizigo yake, ikampa bahasha.

Watetezi wa makampuni watasema kwamba makosa ni ajali. Si ajali. Mwaka 2018 kampuni ya RealPage ilikubali kulipa dola milioni 3 baada ya Serikali ya Marekani kuishitaki kwamba mashine yake ilitosheka na jina la ukoo lililo sawasawa, pamoja na jina la kwanza, au la kati, au tarehe ya kuzaliwa inayokaribiana tu. Inayokaribiana! Kufananisha kwa uangalifu kunataka muda na watu, na muda na watu ni fedha. Kufananisha ovyo ni rahisi, na hasara yake hailipi muuzaji, hailipi mnunuzi. Huilipa yule asiyekuwapo. Mwaka 2023 TransUnion, mmoja wa wale wakubwa watatu wa biashara hii, pamoja na tawi lake la kuchunguza wapangaji, ilikubali kulipa dola milioni 15 kwa mashitaka ya namna hiyo hiyo. Faini za kadiri hii kwao ni kama ushuru wa sokoni.

Na hapa tunafika kwenye kesi ambayo kila mwanachama anayejivunia jina lake la Kiislamu au la Kiafrika inampasa aijue. TransUnion hiyo hiyo iliuza onyo lililosema kwamba mnunuzi fulani huenda yumo katika orodha ya Wizara ya Fedha ya Marekani ya magaidi na walanguzi wa dawa za kulevya. Ilifananisha jina la kwanza na la ukoo, basi. Mwaka 2010 mahkama ya rufaa ya Philadelphia ilikwisha waona na hatia katika kesi ya mwanamke mmoja aliyepatikana na balaa hilo. Hata hivyo, mwaka 2011, huko California, mtu mwingine akaenda na mkewe na mkwewe kununua gari, akaambiwa haliuzwi kwake kwa kuwa yumo katika orodha. Mke ndiye aliyelinunua kwa jina lake. Mbele ya mkwewe, ndugu zetu!

Mtu huyo akashitaki kwa niaba ya wenzake 8,185, na juri ya raia ikawapa zaidi ya dola milioni 60. Kesi ikapanda mpaka Mahkama Kuu kabisa, na tarehe 25 Juni 2021, majaji watano kwa wanne, ikaamuliwa kwamba wenye haki ya kudai fidia kwa onyo hilo ni 1,853 tu, wale ambao karatasi zao zilithibitika kupelekwa kwa wafanya biashara. Wale 6,332 waliosalia wakaambiwa hawakudhurika, kwa sababu onyo lilikuwa limelala katika daftari za kampuni halijapelekwa, ni kama barua ya kashfa iliyofungiwa katika mtoto wa meza. Lakini mtoto huyo wa meza ni wa duka! Kampuni iliiandika kashfa ile ili iiuze, na ufunguo humpa kila alipaye. Jaji Thomas, ambaye si mtu wa siasa za kushoto hata kidogo, aliupinga uamuzi huo pamoja na wenziwe watatu, nasi katika hili tuko pamoja naye.

Mwaka huo huo wa 2021 ofisi ya Serikali inayowalinda watumiaji wa fedha ilitoa waraka ikisema kwamba kufananisha watu kwa majina matupu hakutoshi kutimiza sheria. Mwaka 2025 ofisi hiyo hiyo, chini ya wakubwa wengine, iliufuta waraka huo pamoja na kadhaa nyingine. Sheria ya 1970 ingalipo. Walioondolewa ni walinzi wa mlangoni.

Twaleta haya nyumbani kwa neno moja. Tanzania imetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayompa mtu haki ya kuzijua khabari zake na kutaka zisahihishwe. Lakini kwa Zanzibar sheria hiyo haiingii katika mambo yasiyo ya Muungano, na kazi za watu wetu na nyumba zao si mambo ya Muungano. Twawauliza wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, wa pande zote: aliyekoseshwa kazi Unguja kwa karatasi yenye kosa aende ofisi gani, na mlango wake uko mtaa gani? Tunangoja jawabu, na tutalichapa lote.

Ama wenye watoto Marekani, waandikieni hivi. Mwajiri akitaja uchunguzi, mtoto adai nakala papo hapo kabla ya uamuzi. Mwenye nyumba akimkataa, adai jina la kampuni na aombe nakala bila kungoja. Pingamizi aliandike kwa barua yenye tarehe, ataje majina yake yote matatu na siku yake ya kuzaliwa, atie nakala za vitambulisho, na asali zake azihifadhi. Akiona kampuni imekusudia kupuuza sheria, fidia hata bila ya kuthibitisha hasara ni kati ya dola 100 na 1,000, na gharama za wakili mshitakiwa huzilipa akishindwa, kwa hivyo asiogope kwamba hana fedha za wakili. Ila asikae. Mlango wa mahkama hufungwa miaka miwili tangu alipoligundua kosa, na kwa vyovyote haupiti miaka mitano tangu lilipotendeka.