Barua ya Kukataliwa Si Hukumu ya Mungu

Hapa kwetu Shelui, chini ya mlima wa Sekenke, upo ushauri mmoja unaotolewa bure kwa kila aliyeonewa: "Achana nao." Anayeutoa huutoa kwa upole na nia njema. Mimi nasema ushauri huo umewatia watu wetu umaskini usio na sababu, na leo nataka kugombana nao.

Mpwa wangu alikuwa utingo. Malori yaendayo Singida na yale yashukayo kwenda Nzega hupita mlangoni petu, na vijana wetu wengi hupata riziki humo. Usiku mmoja gurudumu lilipasuka mlimani. Akaingia chini ya lori kulibadilisha, jeki ikateleza. Mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Tajiri alikuja hospitali mara moja, akaacha matunda na shilingi elfu thelathini, akaenda zake. Alipoulizwa kwa maandishi, alijibu kwamba kijana huyo hamjui, ni mdandiaji tu. Kwa jibu hilo madai ya fidia yakakataliwa: hakuna uthibitisho wa ajira.

Basi ukoo ukakaa. Baba yake akasema, "Achana nao, tumwachie Mungu." Shangazi yake akasema neno zito zaidi: mdogo wake naye ni utingo wa tajiri yule yule, je, tukikata rufani, huyu mdogo atakula wapi? Kijana akanigeukia. "Mjomba, wewe unasemaje?"

Nilikawia kujibu, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuachana nao. Mwaka 1994 mashine ilinikata vidole viwili kazini. Sheria ya fidia ya wakati ule ilikuwa urithi wa mkoloni, na mpaka ilipoachwa kikomo chake kilikuwa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na shilingi 83,000 kwa kifo. Naam, uhai wa mtu ulikuwa na bei ndogo kuliko mkono wake! Nikapiga hesabu ya nauli na siku za kusubiri, nikanyamaza. Hadi leo nikishika jembe nakumbuka kwamba hakuna mahali popote palipoandikwa kuwa niliumia.

Lakini sheria ile haipo tena. Mwaka 2008 ilitungwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, na mwaka 2015 mfuko wake ukaanza kazi. Sasa ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia: usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo huleta pensheni ya kila mwezi. Anayemshauri kijana wa leo kwa hesabu zangu za 1994 anampa kalenda iliyokwisha.

Wako wanaosema, "Serikali imeshakataa, wewe nani?" La hasha! Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria, si mahakamani tu bali hata katika chombo kingine kinachoamua haki zake. Basi kukata rufani si ukorofi wala utovu wa shukrani.

Tena tuseme ukweli: ofisi haikukosa kuuliza uthibitisho. Iliuliza, ikajibiwa uongo. Sasa uongo ule umo ndani ya jalada, na sisi tukinyamaza ndio utakaobaki kuwa kweli. Anayeachana nao anautia sahihi uongo wa tajiri.

Nchi hii ya Sekenke inalijua jambo hilo. Dhahabu ya hapa ilipelekwa Tabora, na mwaka 1916 Wajerumani wakaifanya sarafu. Upande mmoja wa sarafu ile kuna tai, upande wa pili kuna tembo. Mchimbaji hayumo.

Na shangazi je? Hofu yake siidharau. Lakini hebu tujiulize: tajiri aliyemkana wa kwanza mguu ulipokatika atamkumbuka wa pili siku jeki itakapoteleza tena? Kazi tunayoilinda kwa kimya chetu ndiyo ile iliyomwacha kaka yake na matunda.

Sisemi kila mtu akate rufani. Asiye na ushahidi wowote, au aliyeacha muda ukapita, huenda akapoteza nauli bure. Madai yenyewe yana miezi 12 tangu ajali, na rufani nayo ina siku zake. Uamuzi ufanywe kwa kusoma barua, usifanywe kwa woga. Barua ya mpwa wangu inataka jambo moja tu, uthibitisho wa ajira, na uthibitisho upo. Kuna fomu ya polisi, PF3. Ujumbe wa pesa za mshahara umo katika simu yake, mwezi baada ya mwezi, na jina la mtumaji ni la tajiri. Yuko dereva. Yuko na mama ntilie wa stendi, aliyemkopesha chakula kwa sababu alijua tajiri hulipa lini. Hao wote wanamjua huyo "asiyejulikana."

Na kama lugha ya sheria inatushinda, tangu 2017 iko Sheria ya Msaada wa Kisheria inayowatambua wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia watu bila malipo.

Hayo ndiyo niliyomjibu. Hakusema kitu. Alikunja barua, akaitia mfukoni. Usiku akanitumia ujumbe akiniuliza basi la kwenda Kiomboi linapita saa ngapi.