Breki Kwanza, Nguvu Baadaye

Si ajabu leo kumwona mwalimu au mtumishi kijana mjini Musoma au Bunda akiendesha gari la mbio. Hakuna ubaya katika hilo, kwani aliyenunua mali kwa jasho lake ana haki ya kuifurahia. Ubaya huanza pale ambapo mkopo haujalipwa hata nusu, naye mwenye gari amekwisha kumwendea fundi ili aongezewe nguvu za injini.

Tamaa hiyo ina sababu. Musoma iko kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini isiyo na tabo hupoteza kiasi cha sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Gari lililokuwa jepesi Dar es Salaam huonekana zito Mara.

Hata hivyo, swali la kwanza si gari litakwenda kasi gani, bali litasimama wapi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, masafa ya kufunga breki mpaka gari lisimame huongezeka mara nne. Barabara kuu itokayo Bunda kwenda Musoma hupita katikati ya makazi ya watu, kama pale Kiabakari. Mtoto wa shule anayevuka barabara hana habari na nguvu za injini; uhai wake umo katika breki na matairi.

Kwa hiyo mabadiliko ya kwanza yawe matairi bora ya kipimo kilichowekwa na kiwanda, kisha pedi na mafuta ya breki, halafu shokapu imara. Hayo humpa dereva faida kila siku, tena hayaingilii injini wala giaboksi.

Yapo mambo matatu ya kuyaepuka mapema. La kwanza ni kubadili programu ya kompyuta ya injini, jambo linalompa muuzaji sababu ya kukataa dai pale injini inapokufa. La pili ni kufunga filta ya hewa iliyo wazi. Katika vumbi la barabara za vijiji vya Butiama, filta isiyochuja vema huruhusu mchanga kuitafuna injini. La tatu ni kulishusha gari chini, ilhali matuta ya barabarani yanatungoja kila mahali.

Dhamana ya gari jipya ni mkataba, na mkataba husomwa. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1975 inamzuia mtengenezaji kufuta dhamana kwa sababu tu mteja ametumia kifaa cha kampuni nyingine. Sheria hiyo haivuki bahari. Sisi tushike karatasi zetu: tumwulize wakala kwa maandishi kabla ya kufunga kifaa chochote, tutunze stakabadhi, na vifaa vya awali tusivitupe.

Wapo watakaosema kwamba gari lao limetoka Japani likiwa limetumika, dhamana ya kiwanda imekwisha, basi wako huru. Huo ni uhuru wa kulipa peke yao. Injini ikivunjika, dhamana iliyobaki ni mshahara, nao una ada za watoto na marejesho ya mkopo.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kujitegemea, na aliyeliongoza Taifa katika njia hiyo amelala Butiama. Kujitegemea si kujitwisha kwa pupa mzigo ambao mwingine amekubali kwa mkataba kuubeba. Ni kutumia mali kwa akili na kuwajali wenzetu. Mtumishi wa umma ni kioo cha jamii. Vijana wajifunze kwake kwamba gari zuri ni lile linalowafikisha wote salama, aliyemo ndani na anayevuka barabara.