Bima ya Elimu Ikivunjwa Kabla ya Kuiva

Safu ya Mfuko wa Mzazi
Na Muthomi Njiru

Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ushuru wa Mapato ya Kenya humpa mkaazi wa nchi aliyelipia bima ya maisha, ya afya au ya elimu nafuu ya ushuru, yaani kiasi kinachopunguzwa moja kwa moja katika ushuru anaodaiwa. Nafuu hiyo ni asilimia 15 ya malipo ya bima aliyoyatoa katika mwaka, na haizidi shilingi 60,000. Bima ya elimu imewekewa sharti kwamba muda wake wa kuiva usipungue miaka 10, na sharti hilo lina mkia mrefu: mwenye bima akiivunja kabla ya muda huo, yaani akiirudisha kwa kampuni na kudai thamani iliyokwisha kujengeka, nafuu yote aliyowahi kupewa hukatwa katika fedha anazolipwa, na kampuni huiwasilisha kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA.

Uzito wa mkia huo huonekana vyema kwa tarakimu. Mwalimu wa Imenti Kusini au Runyenjes anayekatwa shilingi 5,000 kila mwezi kwa ajili ya bima ya elimu hulipa shilingi 60,000 kwa mwaka, na nafuu yake ni shilingi 9,000, ambayo kwenye hati ya mshahara huonekana kama punguzo la shilingi 750 kila mwezi. Baada ya miaka 7 atakuwa amelipa shilingi 420,000 na kupokea nafuu ya shilingi 63,000. Ikiwa mwaka huo mtoto wake ameitwa Chuo Kikuu cha Embu, au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichoko Nchiru, na mzazi akaamua kuivunja bima ili alipe karo na malazi, kampuni itaanza na hesabu yake yenyewe, ambayo aghalabu humrudishia mteja kiasi kilicho chini ya alichochanga, kisha shilingi 63,000 zitatoka tena. Mzazi huyu amezipeleka fedha kule kule ambako nafuu ilikusudiwa zifike, lakini mbele ya sheria hana tofauti na aliyezinunulia gari.

Hapo ndipo kasoro ilipo. Sheria ya Kenya huuliza fedha zimekaa muda gani, haiulizi zimefanya kazi gani. Sharti la muda lina sababu yake, na haifai kulipuuza, kwa kuwa bila ya hilo mtu mwenye mapato makubwa angeweza kuchukua bima leo, akala nafuu, akaivunja kesho kutwa. Lakini kinga dhidi ya mjanja haipasi kumwadhibu mzazi mwenye stakabadhi ya karo mkononi.

Nchini Marekani, ambako wazazi wengi wenye asili ya Afrika Mashariki wanaweka akiba za elimu za watoto wao, njia iliyochaguliwa ni nyingine. Mipango ya akiba inayojulikana kwa nambari ya kifungu chake, 529, ilianzishwa katika sheria ya ushuru ya taifa hilo mwaka 1996, na ndani yake mchango wa mzazi haumpunguzii ushuru wa serikali kuu, ila faida inayozaliwa na akiba haitozwi kitu ikiwa fedha zimetolewa kwa gharama za masomo zinazotambuliwa. Kila mwaka fedha zinapotolewa, msimamizi wa mpango hutuma fomu iitwayo 1099-Q, inayotenganisha jumla iliyotolewa, sehemu iliyo faida na sehemu iliyo mchango, ili hesabu iwekwe wazi katika ritani, yaani taarifa ya mwaka ya mapato na ushuru. Aliyezitumia kwa jambo lingine hutozwa ushuru pamoja na nyongeza ya asilimia 10, lakini kwa sehemu ya faida peke yake. Alichokiweka kwa jasho lake hakiguswi. Mpango huo una matatizo yake pia, ila swali lake la kwanza ni lile linalostahili kuulizwa: je, fedha zilimsomesha mtoto?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika kaunti za Meru na Embu kwa sababu ya namna mapato yanavyoingia. Mkulima anayepeleka majani chai katika kiwanda cha Kionyo, Githongo, Mungania au Rukuriri hupata malipo madogo kila mwezi na kusubiri bonasi ya mwisho wa mwaka wa chai, ambayo hufika mnamo Oktoba. Mkulima wa kahawa husubiri zaidi. Mwenye miraa Igembe au muguka Mbeere hushika fedha mara kwa mara, lakini bei hupanda na kushuka kwa agizo la masoko ya mbali. Bima ya elimu, kinyume chake, hudai kiasi kile kile kila mwezi kwa miaka 10 au zaidi. Bonasi ikiwa duni Oktoba na shule zikafunguliwa Januari, bima ndiyo mali ya kwanza kufikiriwa, na tangu mwaka 2023, mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu ulipoanza kuzigawa familia kwa kipimo cha uwezo, wazazi wengi wenye kipato cha kati wamejikuta wakidaiwa sehemu kubwa kuliko walivyotarajia.

Kuna kundi lingine ambalo halitajwi, nalo ndilo linalostahili kutetewa kwa sauti kubwa zaidi. Nafuu hupunguza ushuru uliopo. Asiyedaiwa ushuru hapati kitu. Mkulima mdogo ambaye nafuu ya kibinafsi ya shilingi 28,800 kwa mwaka imekwisha kuufuta ushuru wake wote, au aliyewasilisha ritani tupu miaka yote, hakupewa nafuu ya bima hata senti. Sheria inazungumzia nafuu iliyotolewa, si nafuu ambayo ingeweza kutolewa. Lakini kampuni ya bima hujua malipo iliyoyapokea tu, na ritani za mteja ziko KRA, hivyo hatari ya kukata asilimia 15 ya malipo yote kwa mazoea, bila kuuliza ni kiasi gani kilichopewa mtu, ni hatari ya kweli. Mkulima anayekubali makato hayo kimya anarudisha alichokuwa hajapokea, na huo ni unyang'anyi hata kama hakuna aliyeukusudia.

Dawa yake ni kumbukumbu. Katika fomu ya ritani ya mtu binafsi kwenye mfumo wa iTax iko sehemu ya kukokotoa nafuu ya bima, ambayo hudai PIN ya kampuni, aina ya bima, nambari ya mkataba, tarehe ya kuanza na ya kuiva, kiasi kilichokatiwa bima, malipo ya mwaka na nafuu inayodaiwa. Mwajiriwa huilinganisha na fomu ya P9, inayoonyesha mshahara wake wa mwaka na makato yake. Nakala za sehemu hiyo, mwaka baada ya mwaka, ndizo ushahidi wa nafuu iliyotolewa au isiyotolewa. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 hudai kumbukumbu zihifadhiwe kwa miaka 5, ilhali bima hudumu miaka 10 au zaidi. Mzazi asichome karatasi yoyote kabla bima haijaiva. Aliyeivunja katikati ya mwaka asiidai tena nafuu ya mwaka huo katika ritani anayoiwasilisha kufikia Juni 30 ya mwaka unaofuata, kwa maana kampuni imekwisha kuirejesha. Kwa bima iliyofikia ukomo wake hakuna wasiwasi, kwani fedha hizo hazihesabiwi kuwa mapato ya kutozwa ushuru.

Aidha, si kila haja ya karo inadai bima ivunjwe. Mikataba mingi huruhusu mkopo kwa dhamana ya bima baada ya miaka kadhaa ya malipo, au kusimamisha malipo na kuiacha bima iendelee hadi mwisho wake kwa kiasi kilichopunguzwa. Mkopo wa karo kutoka Sacco nao si mapato, na hauandikwi katika ritani kama mapato. Kabla ya kutia saini ya kuvunja, mzazi na adai maelezo ya maandishi yanayoonyesha thamani ya bima, nafuu itakayokatwa, na ushahidi wa kwamba nafuu hiyo ilitolewa kweli.

Mswada wa Fedha hupaswa kufikishwa bungeni kila mwaka kabla ya Mei, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Wabunge wa maeneo 9 ya Meru na 4 ya Embu na wapendekeze kifungu cha 31 kirekebishwe kwa sentensi moja tu: nafuu isirejeshwe pale thamani ya bima ya elimu inapolipwa moja kwa moja kwa shule au chuo anakosoma mtoto aliyetajwa katika mkataba.