TAHARIRI: Picha za Ubongo si Ushahidi wa Nuru

Ndugu Waislamu, akili ni amana. Wanachuoni wetu wameihesabu miongoni mwa mambo matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Kwa hiyo yatupasa kuwa macho kila yanapozuka madai mapya juu ya akili, hata yakija yamevishwa joho la elimu.

Yapo madai kwamba dawa za maruweruwe, yaani zile zinazomfanya mtu aone na kusikia yasiyokuwepo, "hufungua" ubongo na kumpandisha mtumiaji daraja ya kiroho. Hutajwa hasa LSD, iliyotengenezwa na mkemia Albert Hofmann mjini Basel, Uswisi, mwaka 1938, na silosibini, inayopatikana katika aina fulani za uyoga. Ushahidi unaotolewa ni picha za ubongo zilizopigwa kwa mashine ya MRI. Basi na tuzitazame kwa uadilifu.

Mwaka 2012 Robin Carhart-Harris na wenzake wa Imperial College, London, walichapisha matokeo ya watu 30 waliodungwa silosibini wakiwa ndani ya mashine hiyo. Mtu angetarajia kuuona ubongo ukichemka kwa kazi. Kinyume chake, damu ilipungua katika sehemu za kati zinazoratibu nyingine. Mwaka 2016 walichapisha uchunguzi wa LSD kwa watu 20. Sehemu ya kuonea iliwasiliana na sehemu nyingi kuliko kawaida hali macho yamefumbwa, na kadiri mafungamano fulani yalivyolegea ndivyo watu walivyosema kuwa nafsi zao zimeyeyuka. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, waliochunguza watu 7, walieleza kuwa silosibini huvuruga uwiano wa kazi za ubongo, na kwamba athari mojawapo ilidumu kwa wiki kadhaa.

Je, hiyo ndiyo nuru? Mashine ya MRI hufuata nyendo za damu na oksijeni. Haipimi ukweli wa maono, wala ukaribu wa mja na Mola wake. Mtu akiona ukuta unapumua, picha husaidia kueleza kwa nini ameuona hivyo. Haithibitishi kuwa ukuta una mapafu.

Lakini uadilifu huo huo unatudai na sisi. Wapo wahadhiri wanaowaambia vijana kwamba kidonge kimoja hutoboa ubongo. Picha hizo hazikuonyesha hivyo, na kijana akiligundua hilo atatilia shaka hata yale ya kweli tunayomwambia. Da'wa haijengwi juu ya chumvi. Madhara ya kweli yanatosha: hofu kuu, ajali, na hatari kwa wenye maradhi ya kuchanganyikiwa akili.

Ni kweli pia kwamba silosibini inafanyiwa majaribio kwa wagonjwa wa sonona, na Australia iliruhusu mwaka 2023 madaktari maalumu wa akili kuitumia kwa baadhi yao. Hukumu ya tiba ya namna hiyo ni suala la wanachuoni kwa kushauriana na matabibu waaminifu. Haiwi kisingizio cha mwenye afya anayetafuta starehe. Na mgonjwa wa sonona asifichwe nyumbani wala asidhihakiwe kuwa imani yake ni dhaifu. Apelekwe hospitali huku akiombewa dua.

Ama ulevi, hukumu yake haikungoja mashine. Aya ya 90 na ya 91 za Suratul-Maida zimeuharamisha na kutaja kuwa huzuia dhikri na sala. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliiharamisha hashishi ijapokuwa si kinywaji, kwa kuwa kinachozingatiwa ni kile kinachofanywa kwa akili. Na aya ya 43 ya Suratun-Nisaa inamtaka anayesali ajue anachokisema. Njia ya kumwendea Allah (s.w.) hupitia akili iliyo macho, na anayetaka utamu wa ibada ameachiwa kisimamo cha usiku, saumu na Qur'an.

Maimamu walifundishe hili misikitini, na wazazi wazungumze na watoto wao kwa upole kabla ya wengine kuwatangulia. Tunamuomba Allah (s.w.) atuhifadhie akili zetu na za vizazi vyetu. Amin.