Kompyuta Moja, Mifumo Miwili

Mwaka 1974 una nafasi yake katika historia ya kompyuta kwa sababu mbili zisizofanana. Mwaka huo Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, ila kwa kibali maalumu, kwani mashine hizo zilionekana kuleta gharama kubwa kuliko manufaa. Mwaka huo huo, huko Marekani, wataalamu Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha makala iliyoeleza masharti yanayoiwezesha kompyuta moja kufanya kazi kama kompyuta kadhaa. Marufuku ile iliondolewa zamani. Lakini hofu ya kupoteza mali ya thamani ingali hai katika shule nyingi, na dawa yake imo katika makala ile.

Na ichukuliwe mfano wa shule ya sekondari iliyoko Kasense, katika Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Shule ya namna hiyo ikipata kompyuta chache, aghalabu hufunikwa vitambaa na mlango wa chumba hutiwa kufuli. Mwanafunzi huzikaribia chini ya jicho la mwalimu, akiambiwa abonyeze hiki na asiguse kile. Mwalimu hastahili lawama, maana kompyuta ikiharibika, fedha za kuitengeneza si rahisi kupatikana. Hata hivyo, mwanafunzi asiyeruhusiwa kukosea hajifunzi kompyuta, hujifunza kuiogopa.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kumbukumbu, diski, kibodi na kioo, na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Windows na Linux ni mifano yake. Kuna njia mbili za kuweka mifumo miwili katika mashine moja. Ya kwanza ni kuigawa diski, kisha kuchagua mfumo mmoja kila kompyuta inapowashwa. Njia hii ina hatari yake: kosa moja katika kugawa diski laweza kufuta kila kitu, na mfumo mmoja ukiwa kazini mwingine hulala.

Njia ya pili ni mashine pepe. Programu ya usimamizi, mathalan VirtualBox iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2007, huwekwa ndani ya mfumo uliopo, nayo huunda kompyuta ya kuigiza. Mfumo uliopo huitwa mwenyeji, na ule unaokaribishwa huitwa mgeni. Mgeni hujiona ana kompyuta yake kamili, kumbe diski yake ni faili kubwa tu katika diski ya mwenyeji. Mifumo yote miwili hufanya kazi kwa wakati mmoja, mgeni akiwa katika dirisha lake.

Popek na Goldberg walitaja mambo matatu. Kwanza, programu ifanye kazi kwa mgeni kama ambavyo ingefanya katika mashine halisi. Pili, amri nyingi zitekelezwe moja kwa moja na prosesa, ili kasi isipotee sana. Tatu, msimamizi abaki na mamlaka juu ya rasilimali zote za mashine. Sharti hili la tatu ndilo ukombozi wa shule. Mwanafunzi aweza kufuta mafaili muhimu ya mgeni au kuuangusha mfumo wote, na mwenyeji asidhurike, maadamu hawakufunguliwa njia ya kushirikiana mafaili. Mwalimu akiwa amehifadhi hali ya mgeni kabla ya somo, humrudisha alivyokuwa kwa dakika chache. Aidha, wageni wawili waweza kuunganishwa, na darasa likajifunza mtandao bila waya hata mmoja.

Vipo vikwazo vya kweli. Mgeni hula katika chungu cha mwenyeji: kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 haitamudu wageni wazito, ingawa mgeni mwepesi wa Linux hutosheka na gigabaiti 1. Prosesa nazo ziwe na uwezo wa kazi hii, uwezo ambao Intel na AMD walianza kuutia mwaka 2005 na 2006. Mara nyingi umezimwa, na hapana budi kuuwasha katika mipangilio ya mashine. Tena Windows ikiwa mgeni huhitaji leseni yake, ilhali Linux hunakiliwa na kugawiwa bila malipo.

Wapo watakaosema kwamba mfumo mmoja wamtosha mwanafunzi, kwa kuwa ndio atakaoukuta kazini. Hoja hiyo ni dhaifu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Shule inayojua mfumo mmoja tu hungoja uamuzi wa kampuni ya mbali. Inayojua miwili huchagua. Wala Waswahili si wageni katika uchaguzi huo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu programu huria huruhusu kufunguliwa, kuchunguzwa na kubadilishwa.

Elimu ya kujitegemea haikupata kumfundisha mtu kulima kwa kumwonyesha jembe. Yafaa, basi, kila shule yenye kompyuta iweke angalau mgeni mmoja, na iwe kanuni kwamba mgeni huyo ni wa kuvunjwa na kujengwa upya na wanafunzi wenyewe. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika chumba cha kompyuta usemi huo ni kweli tupu.