Taa Imefifia au Imefifizwa?

Yapo maneno yaliyozaliwa jukwaani yakaja kukaa vinywani mwa watu wasiolijua hata jukwaa lenyewe. Neno la Kiingereza "gaslighting" ni mojawapo. Mnamo 2022 wachapishaji wa kamusi ya Merriam-Webster, nchini Marekani, walilitangaza kuwa neno la mwaka, baada ya watu waliolitafuta kuongezeka kwa asilimia 1,740. Wanafunzi wetu nao hulitumia kila uchao, aghalabu dhidi ya yeyote anayewapinga. Naona ni vyema turejee asili yake, kwani humo mna funzo ambalo mwalimu wa Kiswahili anaweza kulipeleka darasani kesho asubuhi.

Asili yenyewe ni tamthilia ya Mwingereza Patrick Hamilton, "Gas Light", iliyoigizwa mara ya kwanza mwaka 1938. Waingereza waliigeuza filamu mwaka 1940. Miaka minne baadaye Hollywood ikatoa filamu yake, chini ya mwelekezi George Cukor, na Ingrid Bergman akatuzwa Oscar kwa kuigiza Paula, bibi arusi anayehamia na mumewe, Gregory, katika nyumba ya London ambamo shangazi yake Paula aliuawa zamani.

Humo ndani vitu vyaanza kutoweka. Pambo la kifuani halionekani mkobani. Picha yaondoka ukutani. Saa ya mume yakutwa katika mfuko wa mke mbele ya wageni. Kila mara Gregory humsemeza Paula kwa upole kama amwambiaye mgonjwa: umesahau, umechoka, umechanganyikiwa. Usiku, akishaaga kwamba anatoka, taa ya gesi chumbani hufifia na nyayo husikika darini. Watumishi wakiulizwa, hakuna aliyewasha taa nyingine. Paula aanza kuyashuku macho na masikio yake.

Wajuao taa za gesi watafahamu siri hiyo. Gesi ya nyumba nzima hupitia bomba moja; taa nyingine ikiwashwa, mwali wa ile ya kwanza hupungua. Gregory hatoki kwenda mbali. Hurudi kwa siri akapanda darini kutafuta vito vya marehemu, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemuua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa, mpenzi msomaji, yatazame maneno ya mume yule kwa jicho la sarufi. Tunapofundisha mnyambuliko wa vitenzi huchora jedwali: vunja, vunjwa, vunjika. Mwanafunzi hukariri, akapata alama zake, akasahau. Lakini tofauti ya "kikombe kimevunjwa" na "kikombe kimevunjika" si ya viambishi tu. Sentensi ya kwanza yakubali swali "na nani?" Ya pili yalifunga mlango. Na lipo neno "changanyikiwa", ambalo kwa umbo lina kiambishi cha kutendwa, ila kwa matumizi halimtaji mtenda. Amwambiaye mwenzake "umechanganyikiwa" hueleza hali, huku aliyeisababisha akibaki gizani. Angesema "umechanganywa", angelazimika kujitaja.

Huo ndio uhalifu wa Gregory kwa upande wa lugha: kilichotendwa yeye hukisimulia kama kilichojitendekea. Pambo lilifichwa, yeye asema limepotea. Paula alizuzuliwa, yeye asema amezuzuka. Kitenzi "zuzua" tunacho tangu jadi, na naona kinatosha kubeba maana hii bila kukopa. Hadaa na ulaghai humdanganya mtu kuhusu mambo. Kuzuzua, kwa maana ninayoipendekeza, ni kumwondolea imani katika akili yake ili asiweze kushuhudia alichokiona.

Hata hivyo tusilitumie neno ovyo. Mwalimu anayesahihisha insha hamzuzui mwanafunzi, wala mzazi anayekumbuka tukio kwa namna nyingine hamzuzui mwanawe. Sharti pawepo anayeujua ukweli, anayeuficha kwa manufaa yake, na anayemfanya mwenzake ajione mwenda wazimu. Tukilipaka neno hili kila ubishi, atakayelihitaji kwa dhati atalikuta limechujuka.

Na wapo wanaolihitaji. Yupo msichana wa shule anayeripoti alilotendewa na mtu mzima akaambiwa aliota. Yupo mke anayeuliza fedha zilikokwenda akaambiwa siku hizi hana kumbukumbu. Hawa hawakosi ushahidi. Wamekosa mtu wa kuwaambia kwamba walichokiona kilikuwapo. Katika filamu ile, Paula haanzi kupona kwa dawa. Aanza kupona pale afisa wa Scotland Yard, Brian Cameron, anapokaa naye chumbani, akaitazama taa, akathibitisha kwamba kweli mwali umepungua.

Kwa hivyo nawaomba walimu wenzangu wasiishie kwenye jedwali. Wawape wanafunzi sentensi za kutendeka kutoka magazetini na majumbani mwao, kama vile "fedha zimepotea" na "mtoto ameharibika", kisha wawatake waziandike upya katika kauli ya kutendwa na kumtafuta mtenda. Baadhi ya sentensi zitakataa, kwa kuwa vipo vikombe vinavyovunjika vyenyewe. Nyingine zitamtaja mtu. Mwanafunzi atakayejifunza kuzitenganisha hatazuzuliwa kwa urahisi.